Gitaa Letu na Mikono Iliyoligeuza



Kwa yubile hii ya miaka 50 mwenyekiti wa kwaya alituomba tuandike kurasa chache kuhusu ala zetu. Tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Ngoma zina hadithi yake fupi, kayamba zina yake, na kinanda kila mtu anakijua kwa sababu mchango wake tulitoa sote. Lakini tulipofika kwenye gitaa mambo yalibadilika. Kila mzee tuliyemwuliza alitujibu kwa swali: "Gitaa lipi? La kabla ya bawaba au la baada ya bawaba?"

Ni gitaa moja. Mtaliona leo upande wa kulia wa mimbari, mikononi mwa binti yetu. Tunawaomba mlitazame vizuri kabla ibada haijaanza. Chini ya tumbo lake kuna bawaba ya mlango. Ubavuni kuna tundu lililozibwa kwa kipande cha mbao cha rangi tofauti. Kichwani mwa shingo, pale nyuzi zinapopumzika kabla ya kwenda kwenye masikio, kuna mfupa wa ng'ombe. Pembeni mwa shingo kuna vidoti vyekundu vya rangi ya kucha. Na mwenye jicho la kujua atagundua kwamba nyuzi zenyewe zimepangwa kinyume.

Katika kikao cha maandalizi lilitolewa pendekezo, na lilitolewa kwa nia njema, kwamba gitaa hili lipelekwe mjini kwa fundi, lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, kisha liwekwe kwenye kabati la kioo ukumbini, na kwaya inunue jipya. La kununua jipya tumelikubali na harambee yake mtaisikia leo. La kulirudisha lilivyokuwa tumelikataa. Kurasa hizi zinaeleza kwa nini.

GITAA LILIVYOFIKA PWANI

Wazee wetu wa pwani hawakungoja gitaa ndipo wajue ala ya nyuzi. Gambusi lilikuwepo, limechongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi. Udi ulikuwepo, na hadi leo unasikika katika taarabu ya Mombasa na Lamu. Gitaa lilikuja baadaye kwa njia ya meli, na mji wa bandari kama wetu ulikuwa mlango wake. Lilishuka na mabaharia, na wamishonari, na askari waliorudi vitani.

Miongoni mwa hao askari alikuwa kijana wa Kilifi, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza wanajeshi wa Afrika Mashariki waliopelekwa Asia. Aliporudi akawa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa nchi hii, na anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Nyimbo zake kama "Tausi" wazazi wetu walizijua kwa moyo. Alifariki mwaka 2000.

Lakini gitaa la umeme lilikuwa la wachache. Wengi walianza na magitaa ya bei nafuu, kama yale ya Gallotone yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Ndani ya tundu la baadhi ya magitaa hayo palibandikwa karatasi yenye dhamana kwamba mbao haitapasuka. Gitaa la aina hiyo ndilo alilokuwa nalo John Lennon wa Liverpool mwaka 1957, kabla dunia haijawajua Beatles. Kwa hiyo asidharauliwe mtu kwa gitaa la bei ya chini.

Na waliokosa hata hilo walijitengenezea: kopo la mafuta, ubao wa boksi, waya wa breki ya baiskeli. Franco Luambo wa Kongo, ambaye baadaye aliitawala rumba, alianza utotoni na gitaa la kopo alilolitengeneza mwenyewe kwa nyuzi za waya wa umeme uliomenywa.

Tunayasema haya kwa sababu moja. Gitaa linapotoka kiwandani limetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye fundi hamjui. Fundi amekisia kwamba mtu huyo anatumia mkono wa kulia, ana vidole vya urefu wa kawaida, na anakaa mahali ambapo hewa haina chumvi. Ni lazima akisie. Lakini mwenye gitaa akishapatikana, kukisia kumekwisha, na kazi ya kulisawazisha gitaa na mwenyewe inaanza.

Huku kwetu kazi hiyo imefanywa kwa njia nyingi. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alilifanya gitaa moja lisikike kama mawili kwa vidole viwili tu, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitembeza sauti ya juu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na vijana wengi wa Kenya wakataka kupiga kama yeye. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi aliongeza chupa ya soda ya kukwaruzwa pembeni ya gitaa ili kupata mwendo. Jirani zetu wa Tanga, Black Star Musical Club, waliliingiza gitaa la umeme ndani ya taarabu. Na hapa Mombasa taarabu ilikipokea chombo cha Kijapani chenye vitufe kama vya mashine ya chapa, kikaunganishwa na umeme, kikaitwa taishokoto. Zuhura Swaleh aliimba nacho kwa miaka mingi. Hakuna aliyesema wamekiharibu.

BAWABA

Gitaa letu lilinunuliwa katika miaka ya mwanzo ya kwaya kutoka kwa mtu aliyefanya kazi bandarini Kilindini, naye alilipata kwa baharia. Fedha zilitokana na mauzo ya mavuno: nazi, mihogo, kuku wawili na jogoo mmoja ambaye, kwa mujibu wa mama mmoja wa kundi la alto, alikuwa na thamani kuliko gitaa lenyewe.

Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Tulioanza kuimba wakati huo hatukujua tofauti. Nailoni haikupatikana madukani kwa urahisi, na sauti yake ilikuwa ya upole, haifiki benchi za nyuma feni zikizunguka na watoto wakilia. Basi mpiga gitaa wetu akanunua nyuzi za chuma akazifunga. Sauti ilitoka vizuri kwa Jumapili kadhaa.

Kosa hilo wengi wamelifanya, na ni vizuri vijana walijue. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Nailoni inavuta karibu nusu yake. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba mzigo wa chuma. Kile kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya tumbo, ambacho nyuzi hufungwa na ambacho wapigaji hukiita daraja, huanza kunyanyuka kidogo kidogo. Huku kwetu joto na unyevu wa bahari hulainisha gundi, kwa hiyo kazi huisha upesi. Siku moja katikati ya wimbo wa sadaka daraja likang'oka kwa mlio mkubwa. Wapo walioinama wakidhani ni tairi.

Kwaya haikuwa na fedha za gitaa jingine. Mzee mmoja wa kanisa, seremala wa vitanda na makabati, alilichukua nyumbani. Hakuwahi kutengeneza gitaa maishani mwake. Alilitazama kwa wiki nzima. Kisha akasema jambo ambalo mafundi wa magitaa wamelijua kwa karne nyingi, ila yeye aliligundua mwenyewe barazani: kama daraja haliwezi kuvumilia kuvutwa, lisivutwe. Alichukua bawaba ndefu ya mlango, akatoboa matundu sita kwenye bamba moja, na bamba la pili akalifunga kwa skrubu chini kabisa mwa gitaa, pale mbavu mbili zinapokutana kwenye kigingi kigumu. Nyuzi zikafungwa kwenye bawaba. Daraja likagundishwa tena, na kazi yake sasa ikawa kubeba nyuzi tu, kama mtu anavyobeba ndoo kichwani, si kuburuta mkokoteni.

Bawaba hiyo ipo hadi leo. Inapakwa mafuta kidogo isishike kutu.

SIKIO LA SIMU

Kanisa lilipopanuliwa, hata nyuzi za chuma hazikutosha. Magitaa ya umeme tuliyaona mahotelini na kwenye harusi. Hii ilikuwa pwani ya Them Mushrooms na Mombasa Roots, na kila kijana alijua sauti ya gitaa la umeme inavyopaswa kuwa. Bei yake pia tuliijua, na tukanyamaza.

Fundi wa redio wa hapa kijijini ndiye aliyetufungulia njia. Alichukua kile kidude cha kusikilizia cha simu ya mezani iliyokufa. Ndani yake kuna sumaku, msokoto wa waya mwembamba na kibati. Umeme ukipita, kibati hutikisika na kutoa sauti. Fundi alieleza kwamba kinyume chake pia ni kweli: kibati kikitikiswa, umeme mdogo huzaliwa. Akakibandika ndani ya tumbo la gitaa, akatoboa tundu ubavuni, akapitisha waya, akalehemu, na kuuunganisha na ampulifaya iliyotumia betri ya gari. Vijana walikiita pikapu, jina lake halisi la kigitaa, na wazee wakauliza pikapu gani hiyo isiyobeba hata debe la mchanga.

Ilikwaruza, ilipiga mluzi, na mara nyingine ilinasa idhaa ya redio katikati ya maombi. Lakini benchi za nyuma zilisikia. Baada ya miaka kadhaa kilioza kwa chumvi kikatolewa, na tundu likazibwa na yule yule seremala. Alitafuta mbao ya kufanana hakupata, akaziba kwa mvule. Ndiyo sababu ya lile doa jeusi.

Wakati huo huo kaseti za rumba na za kwaya za Tanzania zilikuwa zikipita mikono kwa mikono, na vijana walitaka ule mlio mwembamba unaometameta katikati ya magitaa mawili. Mmoja wao aligundua siri. Wakongo walikuwa na mpango wao unaoitwa mi-composé: unatoa uzi wa nne, ule mnene wa re, na mahali pake unafunga uzi mwembamba unaotoa re hiyo hiyo oktavu moja juu. Vidole vinabaki pale pale, lakini sauti inang'aa kama vijiko. Kijana wetu alifanya hivyo Jumamosi usiku bila kumwambia mtu. Jumapili asubuhi mpiga gitaa akaanza wimbo wa toba, na toba ikatoka na mlio wa Kinshasa. Mwalimu wa kwaya aligeuka polepole. Kijana huyo leo ni baba wa wajukuu na yumo kwenye safu ya besi. Jina lake tumeahidi kulificha.

Hatukuubakiza mpango huo, kwa sababu tulikuwa na gitaa moja tu na mi-composé inahitaji wenzake wa kushika chini. Lakini tulijifunza kwamba gitaa hubadilika kwa uzi mmoja.

APRILI 1994

Hapa tunaomba tuandike taratibu.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati letu, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakivuka kwenda kazini kisiwani. Zaidi ya watu 270 walipotea. Wengi walikuwa wa hapa. Hakuna aliyekuwa akiishi Mtongwe wakati huo ambaye hakuzika jirani, mwenzake wa shule, mpangaji, au mtu wa nyumbani mwake. Waislamu na Wakristo tulihani pamoja, nyumba moja baada ya nyingine.

Kwaya iliitwa kila mahali. Kwa wiki nyingi hatukufanya mazoezi. Tulikuwa tukienda matangani tu. Ampulifaya haikwenda, na gitaa lilikwenda kwa miguu na nyuzi zake. Tukagundua jambo ambalo hatukuwa tumeliwaza. Nyimbo tulizozoea kuziimba kanisani hazikuimbika. Sauti ya mtu aliyelia usiku kucha haipandi. Mama wa nyumba anajaribu kuingia ubeti wa kwanza, anafika pale juu, sauti inakatika, na wote wanakatika naye.

Mpiga gitaa wetu hakusema kitu. Siku ya tatu au ya nne alikaa chini ya mwembe na kulegeza nyuzi zote sita, tone zima kwenda chini. Nyuzi zilizolegea zilianza kupiga kelele dhidi ya vile vyuma vya shingoni, basi akatafuta nyuzi nene zaidi, akachonga kwa tupa ile mikato ya kichwani ili ziingie. Jioni ile, katika nyumba ambayo hatutaitaja, mama aliimba ubeti mzima.

Kivuko chetu kilikaa kimya miaka mingi baada ya hapo, kikarudi, kikasimama tena. Hayo mnayajua ninyi mliokuwa mkizunguka Likoni kila alfajiri. Gitaa nalo halikurudishwa juu. Kwaya iliamua libaki chini. Tukitaka kuimba nyimbo za furaha katika ufunguo wetu wa zamani, tunafunga penseli kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye chuma cha pili cha shingo, na nyuzi zote zinapanda tone moja kwa pamoja. Madukani kipo kibano cha chuma cha kazi hiyo, na tulishapewa zawadi ya kimoja. Tunaipenda penseli. Leo mtaiona ikifungwa mwanzo wa ibada, na wakati wa kuwakumbuka waliotutangulia mtaiona ikifunguliwa. Sasa mnajua maana yake.

MKONO WA KUSHOTO

Sehemu hii haitupi sifa, lakini historia si orodha ya sifa.

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja wa shule ya Jumapili alitaka kujifunza gitaa. Kila alipolichukua alilishika kinyume, shingo upande wa kulia, mkono wa kushoto kwenye nyuzi. Tulimrekebisha. Tulimrekebisha kwa upole mara ya kwanza, kwa ukali mara ya pili, na mara ya tatu mmoja wetu alimwambia mbele ya wenzake kwamba mkono wa kushoto haufai kumtumikia Mungu. Sote twajua tulivyolelewa hapa pwani: mkono wa kushoto hupewi kitu, hupokei kitu, huli nao. Binti akanyamaza. Jumapili iliyofuata hakuja kwaya, na hakuja kwa muda mrefu.

Tungesoma Biblia zetu vizuri tusingesema vile. Ehudi, ambaye Mungu alimtumia kuwaokoa Israeli, alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Habari zake zi katika Waamuzi mlango wa 3. Na mlango wa 20 wa kitabu hicho unataja watu 700 wa Benyamini, wote wa kushoto, waliorusha mawe kwa kombeo pasipo kukosa unywele.

Mpiga gitaa wetu, ambaye wakati huo nywele zilishakuwa nyeupe, ndiye aliyemfuata nyumbani. Binti alimweleza, "Babu, nikilishika hivyo mnavyotaka, mkono wangu hausikii." Mzee akamjibu, "Basi tutaligeuza gitaa, mwanangu. Mkono hatukuuumba sisi."

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kulipindua gitaa tu na kuziacha nyuzi zilivyo, uzi mnene ukae chini na mwembamba juu. Elizabeth Cotten, mama Mmarekani Mweusi aliyezaliwa miaka ya 1890, alipiga hivyo maisha yake yote, dole gumba likiimba na vidole vikishika besi. Naye alikuwa na kisa na kanisa: akiwa kijana waumini walimvunja moyo kwamba gitaa ni la dunia, akaliweka chini kwa miaka mingi. Alilichukua tena akiwa mtu mzima anayefanya kazi za nyumbani, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya Grammy. Njia hiyo ni nzuri kwa anayejifunza peke yake, lakini binti wetu alitaka kusoma vidole vya wenzake na kufundisha wengine.

Njia ya pili ni ile ya Jimi Hendrix: kulichukua gitaa la mkono wa kulia na kulipanga upya nyuzi zake kwa mkono wa kushoto. Hapo kuna kazi zaidi ya kuhamisha nyuzi. Mikato ya kichwani ina upana tofauti; uzi mnene hauingii kwenye mkato wa uzi mwembamba, na uzi mwembamba ukikaa kwenye mkato mpana unachezacheza na kulia vibaya. Kwa hiyo kipande chote kinabadilishwa. Mzee alipata mfupa wa paja buchani, akauchemsha, akauanika, akaukata kwa msumeno wa chuma, akausugua kwa msasa na kuchonga mikato mipya sita. Kile kipande cha juu ya daraja kinachoinamia upande mmoja ili sauti ziwe sawa, alikigeuza kiinamie upande wa pili. Kifungo cha mkanda kilihamishwa. Na vidoti vya kumwonyesha mpigaji yuko wapi, vilivyokuwa ukingo wa shingo ambao sasa umetazama chini, vilichorwa upya ukingo wa pili. Rangi ya kucha ilitoka kwa shangazi yake binti.

Kulikuwa na baraka moja iliyojificha. Ndani ya tumbo la gitaa kuna vijiti vyembamba vinavyouimarisha ubao wa juu. Katika magitaa mengi yaliyojengwa kwa nyuzi za chuma, vijiti hivyo hupangwa kama herufi X, na upande wa besi si sawa na upande wa nyuzi nyembamba. Ukiyageuza, nguvu zinakaa mahali pasipotayarishwa. Letu lilizaliwa la nailoni. Vijiti vyake vimetandazwa kama upepeo wa ukindu, mpango ulioenezwa na fundi Mhispania Antonio de Torres katika karne ya 19, na kwetu kushoto ni sawa na kulia. Lile kosa letu la zamani la kununua gitaa lisilofaa kwa chuma ndilo lililolifanya lifae kugeuzwa.

Lakini gitaa lilikuwa moja. Likigeuzwa kwa binti, mzee hawezi kulipiga tena. Baadhi yetu tulimwambia asubiri hadi linunuliwe la pili. Alikataa. Alisema amelipiga vya kutosha, na kwamba gitaa ni la atakayelipiga Jumapili ijayo, si la aliyelipiga Jumapili iliyopita. Siku binti alipoanza, mzee alisimama nyuma yake na kayamba. Mnaomkumbuka mtakumbuka kwamba aliitikisa kayamba hiyo kwa furaha hadi mwalimu wa kwaya akamwashiria apunguze.

KWA NINI TULIKATAA

Ndugu zetu waliotaka gitaa lirudishwe lilivyokuwa walitaka kuliheshimu. Lakini tulijiuliza, lilivyokuwa lini? Tukiitoa bawaba, tumemtoa seremala. Tukificha kiraka cha mvule, tumemficha fundi wa redio. Tukizirudisha nyuzi nyembamba na tone la juu, tumesahau nyumba zile za mwaka 1994. Na tukilirudisha kwa mkono wa kulia, tutakuwa tumemwambia binti yetu mara ya pili yale tuliyomwambia mara ya kwanza.

Kiwandani gitaa hili halikuwa na mwenyewe. Mwenyewe lilimpata hapa Mtongwe, naye si mtu mmoja.

Kwa hiyo halitaingia kabatini. Litaendelea kupigwa, na jipya litakalonunuliwa litakaa kando yake. Tunawajulisha mapema kwamba hilo jipya nalo litatobolewa, litachongwa na kulehemiwa kadiri ya mahitaji ya watakaolishika, na asikasirike mtu.

Mwisho, tuna maombi matatu. Nyuzi hapa kwetu hushika kutu upesi. Zamani tulizichemsha kwenye sufuria zipate uhai wa Jumapili mbili tatu, lakini seti mpya ni bora, na kikapu cha mchango kipo mlangoni. Anayelishika gitaa apanguse mikono kwanza, kisha apanguse nyuzi baada ya kupiga, kwa sababu jasho na chumvi ni ndugu. Na baada ya ibada watoto wote wanaruhusiwa kuja mbele kulijaribu, wa kulia na wa kushoto. Hatutamrekebisha mtu.